Gari Lililozama Lisiuzwe kwa Kificho

Hapana mkaazi wa Unguja wala Pemba asiyejua taabu ya kujipatia gari. Mfanyakazi hujinyima miaka mingi. Mfanyabiashara mdogo hukopa. Ndugu wa tumbo moja huchangishana ili wapate gari moja la abiria litakalowalisha wote. Siku gari hilo linaposhushwa bandarini Malindi jamaa hukusanyika kulitazama. Rangi yake yang'ara, viti vyake vyanukia manukato, na saa ya mwendo yaonyesha kwamba halikutembea sana. Mwezi wa kwanza hupita kwa furaha. Mwezi wa tatu taa zaanza kuwaka na kuzimika zenyewe, stata yagoma alfajiri, na fundi anapolifunua zulia hukuta chini yake tope kavu la nchi asiyoijua.

Gari la namna hiyo ni gari lililozama majini. Lilifikwa na mafuriko huko lilikotoka, likakaushwa, likasafishwa, likapakwa rangi, kisha likauzwa kwa mtu aliye mbali ambaye hakuwa na njia ya kulikagua. Twaona wakati umefika wa kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa wananchi wanaonunua na kwa viongozi waliopewa dhamana ya kuwalinda. Linalohusika hapa si fedha ya mtu mmoja tu. Gari bovu la mtu binafsi humtia hasara mwenyewe, lakini gari la abiria ambalo breki zake zimeliwa na kutu huchukua roho za watu wasiojua lolote juu ya ununuzi wake.

Yafaa tujiulize kwanza magari hayo hutoka wapi. Visiwa vyetu havitengenezi magari, na wengi wetu hatumudu bei ya gari jipya. Kwa hivyo tegemeo letu ni magari yaliyotumika, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Japani, na mengine hupitia Dubai na miji jirani ya Ghuba. Biashara hii imetunufaisha sana na hatuna nia ya kuibeza. Lakini nchi hizo nazo hupatwa na misiba ya maji, na misiba hiyo huacha nyuma yake magari mengi ambayo wenyewe hawayataki tena.

Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua ambayo mfano wake haukuwahi kuonekana tangu vipimo vilipoanza kuwekwa mwaka 1949. Mahali paitwapo Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, zilipimwa zaidi ya milimita 250 katika muda usiotimia siku moja. Barabara kuu za Dubai ziligeuka mito, na magari yaliachwa humo yakiwa yamezama hadi madirishani. Siku hizo hizo wadi za Omani zilifurika na kuchukua magari pamoja na watu waliokuwamo, wakiwamo watoto wa skuli. Visiwani humu msiba ule ulitugusa moja kwa moja, kwani wengi wetu tuna ndugu huko.

Japani nayo ina historia yake. Machi 2011 tsunami ilifagia pwani ya kaskazini mashariki na kuyarundika magari kama makapi. Julai 2018 mvua kubwa zilizamisha miji ya magharibi, hasa katika majimbo ya Okayama, Hiroshima na Ehime. Oktoba 2019 kimbunga kiitwacho Hagibis kilivunja kingo za mito na kuacha vitongoji vizima chini ya maji. Hatusemi kwamba magari ya misiba hiyo yamejaa katika barabara zetu. Tunalosema ni kwamba kila baada ya mafuriko makubwa huwako magari ya bei ya chini sana yanayotafuta mnunuzi, na mnunuzi anayefaa kwa muuzaji asiye mwaminifu ni yule aliye ng'ambo ya bahari, anayenunua kwa kuona picha.

Wako watakaouliza: maji yana dhara gani kwa gari, ikiwa tunaliosha kila siku? Jawabu ni kwamba gari limetengenezwa listahimili maji yanayolimwagikia kwa nje, wala halikutengenezwa likae ndani ya maji. Maji ya mafuriko si masafi. Yana tope, mafuta, uchafu wa makaro na, yakiwa karibu na pwani, chumvi. Tope huingia katika beringi za magurudumu, katika breki, katika stata na alteneta. Maji yakipenya katika giaboksi mafuta yake hugeuka rangi ya maziwa na kupoteza utelezi. Injini ikiwashwa ilhali maji yamo ndani ya silinda, basi kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa ibanwavyo, pistoni hugonga kana kwamba imegonga ukuta, na konrodi hupinda au kuvunjika.

Lakini dhara kubwa zaidi la siku hizi limo katika umeme. Gari la zamani lilikuwa na nyaya chache, na fundi aliweza kuzifuata kwa macho. Gari la leo lina kompyuta zake, vipimo vyake na mamia ya viungio vidogo vya nyaya vilivyofichwa chini ya zulia na nyuma ya dashibodi. Unyevu ukiingia katika viungio hivyo kutu huanza kidogo kidogo, isionekane, hadi miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana gari lililozama huenda vizuri siku ya kuuzwa na kuharibika baada ya muuzaji kukwisha kutia fedha mfukoni. Mifuko ya hewa inayomkinga dereva katika ajali, na vyombo vinavyozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki za ghafla, navyo hutegemea umeme huo huo. Mwenye gari hatajua kwamba vimekufa ila siku atakapovihitaji.

Uko mfano mmoja ambao twapenda kila anayejiandaa kununua gari autafakari. Katika kimbunga kile cha Oktoba 2019, mto Chikuma ulifurika mjini Nagano na kuyazamisha mabehewa 120 ya treni za mwendo kasi, yaani treni 10 kamili. Makampuni yenye treni hizo yana wahandisi wao, karakana zao na vipuri vyao vyote. Hata hivyo yalipopima hali ya mitambo ya umeme chini ya mabehewa, yaliamua kuyavunja yote 120 kuliko kuyarejesha njiani. Ikiwa wenye utaalamu wa namna hiyo waliogopa kubebesha abiria wao katika chombo kilichozama, sisi tutapata wapi ujasiri wa kuwapakia watoto wa skuli katika gari lililozama, kwa sababu tu limepigwa rangi mpya?

Khatari imezidi tangu yalipoingia magari yanayotumia betri kubwa za umeme. Baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida, nchini Marekani, Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyoingiwa na maji ya bahari yalishika moto yenyewe, mengine siku kadhaa baada ya maji kukauka. Sisi tumezungukwa na bahari pande zote. Tunapoyakaribisha magari ya aina hiyo, na ni haki kuyakaribisha, hatuna budi tujue pia adui yake ni nani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi ukweli wa gari hujulikana huko huko lilikotoka. Wajapani wana taratibu zao za kulipima gari kabla ya kulinadi, na hukaguliwa na watu wenye kazi hiyo. Gari ambalo maji yalipanda juu ya sakafu ya ndani huhesabiwa kuwa limezama. Kanuni za taasisi yao ya kuthamini magari hupunguza thamani yake kwa asilimia 30 ikiwa maji yalifika sakafuni, asilimia 40 yakifika juu ya kalio la kiti, na asilimia 50 yakifika juu ya dashibodi. Maelezo hayo yanapasa kuandikwa katika karatasi ya mnada. Kwa hivyo anayenunua mnadani huijua siri na hulipa bei inayolingana na siri hiyo. Ni baadaye, gari linapopita mikononi mwa wakala wa kwanza, wa pili na wa tatu, ndipo karatasi inapopotea na bei ikarudi kuwa ya gari zima. Maji hayajapungua, kilichopungua ni ukweli.

Wala tusidhani kwamba udanganyifu huu huzipata nchi maskini peke yake. Baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans mwaka 2005, magari yaliyozama yalisafirishwa hadi majimbo mengine ya Marekani ambako hati zake ziliandikwa upya bila ya alama ya mafuriko, yakauzwa kwa watu wasiojua. Wenyewe huuita ujanja huo kuosha hati. Serikali yao ililazimika kutilia nguvu daftari moja la nchi nzima ambalo ndani yake historia ya kila gari huandikwa kwa nambari ya chasisi. Somo letu hapo ni jepesi: gari hubadili rangi, hubadili nambari na hubadili mwenyewe, lakini nambari ya chasisi haibadiliki, na historia ikifungwa kwenye nambari hiyo haioshiki.

Itakuwa si insafu kuwalaumu wageni na kujisahau. Mvua za masika hunyesha hapa hapa. Wakaazi wa Mjini Unguja hawajasahau jinsi barabara za Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu zilivyokuwa zikigeuka maziwa kabla ya kujengwa madaraja, na magari yalivyokuwa yakizimika katikati ya maji. Huko Dar es Salaam mto Msimbazi umeifurika karakana ya mabasi ya mwendo kasi pale Jangwani zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Magari mengi yetu yana bima ndogo tu, ile inayomlipa mtu wa tatu aliyegongwa. Bima hiyo haimlipi mwenye gari lake likizama. Basi mwenye gari, akiona hasara yote imemwangukia yeye, hulikausha juani, hulipeleka kwa fundi, kisha hulitafutia mnunuzi kimya kimya. Huhamisha hasara yake akamtwika jirani. Twaifahamu taabu yake, lakini hatuwezi kuiita taabu hiyo ruhusa ya kudanganya.

Kwa hivyo neno letu la kwanza ni kwa mnunuzi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bei ya gari ikiwa chini mno kuliko ya mengine ya aina na umri ule ule, iko sababu, na sababu hiyo itafutwe kabla ya fedha kutoka. Gari likiwa bado ng'ambo, mnunuzi adai karatasi ya mnada yenye nambari ya chasisi, aifananishe na nambari ya gari lenyewe, na ampelekee mtu anayeijua lugha ile amsomee. Wakala anayekataa kuitoa amekwisha kujibu suala lililoulizwa.

Gari likiwa mbele ya macho, kazi ni rahisi zaidi. Mnunuzi aingie ndani madirisha yakiwa yamefungwa na anuse: harufu ya ukungu haifichiki kwa muda mrefu, na manukato yaliyozidi kiasi nayo ni ushahidi. Auvute mkanda wa kiti hadi mwisho wake, kwani sehemu ya mkanda iliyojificha ndani aghalabu huwa na mstari wa tope ambao mwoshaji hakuufikia. Ainue zulia, atazame chini ya viti, na katika shimo la tairi la akiba. Aangalie ndani ya taa kama muna ukungu au alama ya maji. Achomoe kijiti cha kupimia oili na kutazama rangi yake. Zulia jipya ndani ya gari kuukuu lina kisa chake. Na yote hayo ayafanye pamoja na fundi wake mwenyewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji.

Hapa pana jambo moja linalowahusu watu wa visiwani hasa. Sisi tumeizoea kutu. Upepo wa bahari hula bati la gari zima na bovu sawasawa, na muuzaji mjanja hulitumia hilo kuwa udhuru wake: "Hiyo ni kutu ya bahari tu." Basi ijulikane kwamba kutu ya hewa ya bahari huanzia nje na chini, katika chasisi, milango na ekzosi. Kutu iliyo ndani, katika skrubu za viti, katika chuma cha pedeli, chini ya zulia na katika viungio vya nyaya nyuma ya dashibodi, haikuletwa na upepo. Huko upepo haufiki. Kilichofika huko ni maji.

Neno letu la pili ni kwa serikali na vyombo vyake. Ukaguzi wa gari kabla ya kupakiwa melini ni jambo jema, lakini ukaguzi unaotazama taa, breki na matairi peke yake hautoshi, maana gari lililokaushwa vizuri laweza kuupita mtihani huo siku ile na kushindwa baada ya miezi mitatu. Twaiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar, pamoja na wanaohusika na forodha na usajili, walifikirie jambo hili kwa mambo manne.

La kwanza, kila gari lililotumika linaloingia nchini liandamane na karatasi yake ya mnada au cheti rasmi cha nchi lilikotoka kinachoeleza kama liliwahi kuzama, na mnunuzi akabidhiwe nakala kabla hajalipa ushuru. La pili, wakaguzi waagizwe kuzitafuta alama za maji kwa jina lake, wafunue mazulia na waandike walichokiona. La tatu, gari lililothibitika kuwa lilizama, liwe la kutoka nje au la hapa hapa, liandikwe hivyo katika kadi yake ya usajili, na maandishi hayo yasifutwe kadi inapobadilishwa jina. La nne, muuzaji aliyejua na akaficha alazimishwe kurejesha fedha, na gari la namna hiyo lisipewe leseni ya kubeba abiria mpaka likaguliwe upya na fundi aliyeidhinishwa.

Serikali yenyewe inaweza kuanza kutoa mfano. Idara zake nazo huuza magari yaliyokwisha kutumika. Lau kila gari la serikali linaponadiwa lingetangazwa pamoja na kasoro zake zote, ikiwamo ya kuzama kama ipo, basi wafanyabiashara wangekosa hoja ya kusema kwamba desturi hiyo haiwezekani.

Tunajua kwamba wako watakaopinga. Watasema: mnyonge hana uwezo wa kununua gari zuri, mkiyafungia magari ya bei rahisi mtamrudisha kwenye baskeli. Hoja hiyo ina uzito na yastahili kujibiwa kwa heshima. Hatutaki magari haya yapigwe marufuku. Si kila gari lililoguswa na maji limekufa. Gari lililoingiwa na maji ya mvua hadi sakafuni, likakaushwa upesi na fundi anayejua kazi yake, laweza kumtumikia mtu miaka mingi. Mwengine atapenda kulinunua kwa ajili ya vipuri. Hayo ni haki yake, maadamu anajua anachonunua na analipa bei ya kitu hicho. Tunachokipinga ni kificho. Mnyonge ndiye anayeumizwa zaidi na kificho hicho, kwa kuwa tajiri akitapeliwa hununua jengine, na mnyonge akitapeliwa hubaki na deni na gari lililosimama uani likigeuka banda la kuku.

Wala mfanyabiashara mwaminifu asituone maadui. Yeye hasa ndiye anayepata hasara leo, kwa kuwa anauza gari safi kwa bei ya haki ilhali jirani yake anauza gari lililozama kwa bei ya chini kidogo na watu wanamkimbilia. Siku historia ya kila gari itakapoandikwa katika kadi yake, mwaminifu atakuwa na ushahidi wa uaminifu wake.

Masika hayatakoma, na mafuriko ya nchi za wenzetu hatuna uwezo wa kuyazuia. Yaliyo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba gari linapovuka bahari kuja kwetu, ukweli wake unavuka nalo. Jambo hilo halihitaji mitambo ya gharama. Lahitaji karatasi moja, mkaguzi mmoja anayefunua zulia, na sheria inayosimama upande wa aliyenunua kwa nia njema. Tunatumai wenye dhamana watalitazama kabla ya shehena ijayo kuteremshwa Malindi, na kwamba wananchi, wakati wakingojea, hawatatoa fedha zao kwa gari ambalo hawajaliinua zulia.